Sura ya Sita: Pua Inapohamia Miasenyi

Mbwa aina ya bigeli alitengenezwa Uingereza kwa kazi moja: kumfuata sungura kwa harufu, bila haraka, huku akipiga kelele njia nzima, mpaka sungura achoke au wawindaji wafike. Miasenyi kazi hiyo ni kosa la jinai. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haimsamehi hata anayetafuta kitoweo cha digidigi. Mtu akikutwa vichakani na mbwa upande wa ranchi za Kasigau ana maelezo ya kutoa kwa askari wa wanyamapori, hata kama mbwa mwenyewe hafiki goti na ana macho ya kuomba chapati.

Nayasema haya mapema kwa sababu vitabu vingi vya kufundisha mbwa vimeandikwa na watu ambao ng'ambo ya ukuta wao kuna bustani ya jirani. Mbwa wao akitoroka, atapatikana akichimbua maua. Hapa ng'ambo ya ua kuna Tsavo.

Miasenyi iko kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Ukitoka pwani unapita Mackinnon Road, na kabla hujafika Voi unaikuta. Wasafiri wengi walilisikia jina lake kuanzia mwaka 2017, treni ya Madaraka Express ilipoanza safari na Miasenyi ikatajwa kati ya stesheni za Mariakani na Voi. Kaskazini mwa reli ni Tsavo Mashariki. Kusini ni ranchi za ukanda wa Kasigau, ambazo tembo huzitumia kuendea Tsavo Magharibi na kurudi. Zaidi ya asilimia 60 ya Kaunti ya Taita Taveta imo ndani ya hifadhi hizo mbili, na iliyobaki haina mpaka ambao mnyama anautambua. Bigeli akisimama mlangoni alfajiri na kuinua pua, harufu ya kuku wa jirani ndiyo ya mwisho kumfikia. Kwanza anampata digidigi aliyepita usiku wa manane, kisha nyani, ngiri, fisi, na msimu wa kiangazi tembo waliokuja kunusa tangi la maji.

Pua ya binadamu ina vipokezi vya harufu milioni 5 au 6. Ya bigeli ina zaidi ya milioni 200. Watu humwita mkaidi. Mimi nalikataa neno hilo. Mbwa wa kuchunga amezalishwa kwa vizazi vingi amtazame mwenyewe na kusubiri ishara. Bigeli amezalishwa aende mbele ya mwenyewe, asigeuke nyuma, na aamini pua yake kuliko sauti ya mtu. Ukimwita naye yuko kwenye harufu mbichi ya sungura, hakudharau; kichwani mwake hakuna nafasi ya sauti yako. Kumfundisha ni kushindana na kichaka kwa bei, mpaka pua ikubali kwamba nyumbani panalipa zaidi. Karibu yote yaliyomo katika sura hii yanatokana na hilo.

Kwanza, anafikaje? Kwa kawaida si kwa kununuliwa. Wengi wa bigeli wanaohamia nyumba ya pili nchini walikuwa wa familia za Nairobi au Mombasa zinazohama nchi, au waliokuta fleti ni ndogo na majirani wamechoka na kelele. Wachache hupitia KSPCA, shirika kongwe la kutetea wanyama lenye makao yake Nairobi, ambalo huwafunga uzazi na kuwachanja mbwa kabla ya kuwatoa. Lakini wengi wanaosubiri nyumba kwao ni mbwa wa kienyeji, na kama unachotaka ni mbwa tu, wala si pua, nakushauri umchukue huyo. Atalijua jua la Taita Taveta kabla ya jua kuchomoza.

Ukimchukua kwa familia, usiridhike na cheti cha chanjo pekee. Uliza anakula nini na saa ngapi, analala wapi, anaogopa nini, na ametoroka mara ngapi. Hilo la mwisho watu hulijibu kwa kuzungukazunguka, basi lisubiri. Uliza maneno aliyozoea kuambiwa. Omba tandiko lake bila kufuliwa, hata likinuka. Kwa mwanadamu ni kitambaa kichafu, kwa bigeli ni kitu pekee katika nyumba mpya anachokijua.

Safari ya kumleta ipangwe usiku au alfajiri, kwa gari la mtu unayemfahamu, maana kondakta wa matatu atakuwa na maoni yake. Asilishwe saa chache kabla ya kuondoka. Maji apewe kidogo kidogo kila mnaposimama, na mlango usifunguliwe kabla kamba haijafungwa. Mbwa wengi wanaopotea katika kuhamishwa hupotelea pale mlangoni mwa gari, wakati kila mtu anasalimiana.

Mwaka 2022 bigeli wapatao 4,000 waliondolewa kwenye kituo cha kampuni ya Envigo huko Virginia, Marekani, kilichokuwa kikiwazalisha kwa ajili ya maabara za utafiti, wakagawiwa kwa familia mbalimbali nchini humo. Maabara huwapenda bigeli kwa sababu ileile inayowafanya watoto wawapende: ni wadogo, wapole, na husamehe haraka. Waliowapokea walisimulia mbwa wasiojua kupanda ngazi na wanaoshangaa nyasi chini ya miguu. Bigeli wako wa Nairobi hajatoka maabara, lakini usiku wa kwanza Miasenyi atakuwa katika hali inayokaribia hiyo. Hajawahi kusikia fisi. Hajawahi kusikia treni ya mizigo ikipita gizani nchi ikiwa kimya kabisa. Pengine hajawahi kukanyaga mchanga mwekundu wenye miiba ya mgunga, na kwa siku kadhaa utamwona akiinua miguu kwa zamu kama mtu anayetembea juu ya makaa.

Basi mpe chumba kimoja, pembe moja, tandiko lake, bakuli la maji, na watu wachache. Majirani watataka kuja kumwona. Waje wiki ijayo. Watoto wakae chini sakafuni na wamwache awaendee. Asipokula siku ya kwanza, usihangaike kumbembeleza kwa nyama. Bigeli anayekataa chakula siku mbili mfululizo ndiye wa kupelekwa kwa daktari, kwa kuwa hilo ni jambo geni mno kwa mbwa huyu.

Hapo kwenye chumba ndipo mtakapovutana na wazee. Kwetu mbwa hulala nje. Anafungwa mchana, anafunguliwa usiku, anabweka, na asubuhi anapewa ugali. Nimeshamsikia bibi akimwuliza mjukuu wake, kwa upole kabisa, "Mwanangu, na huyo mwizi akija, mbwa wako atamwamkia kitandani?" Swali ni la haki. Jibu lake ni chui. Chui hupenda mbwa kama kitoweo, na bigeli mwenye kilo kumi hivi hawezi kupigana naye wala kumkimbia. Fisi naye hachagui. Katika nyumba iliyo kando ya kichaka, mbwa wa ukubwa huu alale ndani, jikoni au barazani penye mlango wa kufunga, la sivyo mlaze kwenye kibanda cha mabati na nguzo imara, chenye paa na komeo. Kumfunga mnyororo nje usiku ni kumtengea chui meza.

Na mwizi? Ukweli ni kwamba bigeli hafai kuuma mtu. Kibao cha "Mbwa Kali" langoni kitakuwa uongo, japo uongo wenye manufaa. Anachokupa ni sauti. Ana kubweka kwa kawaida, ana kulia kama mbwa mwitu, na ana ule mlio wa tatu, mrefu, wa kutoka tumboni, uliokusudiwa usikike na mtu aliye mbali kondeni. Mtaani Nairobi mlio huo huleta barua kutoka kwa wakili. Miasenyi, nyumba zikiwa zimeachana, unaweza kuwa ndio ulinzi wote unaouhitaji, mradi umfundishe kunyamaza baada ya kutoa taarifa. Akibweka, nenda uone, mwambie "basi" kwa sauti ya kawaida, na akinyamaza mpe dagaa mmoja. Ukimpigia kelele, anadhani mnabweka pamoja.

Kwa tembo hali ni tofauti, na hapa sina mzaha. Mbwa akimbwekea tembo, tembo huweza kumkimbiza, na mbwa akikimbizwa hukimbilia kwa mwenyewe. Watu wa Sagalla, karibu na Voi, wamezungushia mashamba yao mizinga ya nyuki, mradi ulioanza mwaka 2009 pamoja na shirika la Save the Elephants, kwa kuwa tembo huwaogopa nyuki. Bigeli haogopwi, anaudhi tu. Ukisikia matawi yakivunjika usiku, mbwa aingie ndani, mlango ufungwe, na aliye na simu awapigie watu wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya.

Ua ndio gharama kubwa kuliko zote, na ndiyo ambayo wengi huikwepa. Ua wa miiba humzuia ng'ombe; bigeli hupita chini yake akiwa amelaza masikio. Akikuta waya, huchimba. Akikuta ukuta mfupi wenye pipa kando yake, hupanda pipa. Tumia waya wa kuku au seng'enge yenye matundu madogo, uzike sehemu ya chini ardhini, ujaze mawe kwenye mtaro huo, na uondoe kila kitu kinachoweza kuwa ngazi. Kama huna uwezo wa kuzungushia boma zima, zungushia kipande kilicho mbele ya mlango wa jikoni. Heri uwanja mdogo ulio salama. Nje ya hapo bigeli anakwenda kwa kamba, na kamba ishikwe na mtu mwenye nguvu ya kumzuia, asiwe mtoto wa darasa la kwanza.

Mafunzo yenyewe yanaanzia puani na tumboni. Mwaka 1984 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilianza kuwatumia bigeli katika uwanja wa ndege wa Los Angeles kunusa matunda na nyama ndani ya mizigo ya abiria. Waliwachagua kwa sababu hawamtishi msafiri, na kwa sababu bigeli hufanya karibu lolote kwa ajili ya chakula. Huku kwetu Shirika la Wanyamapori la Afrika, AWF, limekuwa likifundisha mbwa na waongozaji wao huko Usa River, karibu na Arusha, na baadhi yao wamefanya kazi na KWS bandarini Mombasa na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, wakitafuta pembe za ndovu na vitu vingine vya magendo. Hao ni wa aina nyingine, na wengi wao hulipwa kwa mpira wa kuchezea, lakini kanuni haibadiliki. Mbwa hajui kwamba pembe ni haramu. Anajua kwamba harufu fulani, akiipata na kuionyesha, humletea mchezo. Aliyewahi kupanga begi lake kwenye mstari Miritini au Syokimau kabla ya kupanda treni, akasimama kando huku mbwa wa polisi akipita akinusa, ameshaona somo zima: mbwa anafanya kazi yake ya asili, kwa mpaka aliowekewa, akiwa na hakika ya malipo.

Nyumbani malipo ni dagaa. Wakavu, wadogo, wasio na chumvi. Katakata kila mmoja vipande vitatu. Biskuti za mbwa za dukani ni ghali na harufu yake ni hafifu mbele ya ushindani wa kichaka. Chukua makopo au vifuu vitatu, ficha kipande chini ya kimoja, mwachie anuse. Akigusa kilicho sahihi, kifunue. Siku zinavyokwenda, ficha ndani ya leso iliyokunjwa, nyuma ya mlango, chini ya kiti, baadaye uani kwenye nyasi. Mwingizie neno, "tafuta". Robo saa ya mchezo huu humchosha bigeli kuliko matembezi marefu ya kamba, na mbwa aliyechoka kichwani halii mchana wala hachimbi ua. Nafikiri hili ndilo jambo moja ambalo, ukilifanya na kuacha mengine yote, bado utakuwa na mbwa wa kuishi naye.

Kuitika ni somo refu zaidi. Anza ndani ya chumba: sema "njoo" mara moja, na akifika mpe dagaa, usiseme mara tano, maana atajifunza kwamba wito wa kweli ni wa tano. Kisha uani. Kisha nje, akiwa na kamba ndefu ya mita 10 hivi inayoburuta chini, asubuhi mapema au jua linapopungua. Tumia filimbi pamoja na neno, kwa kuwa filimbi haina hasira na inasikika juu ya upepo. Na kamwe usimwite kwa ajili ya jambo asilolipenda. Kama ni kuoga au kutolewa kupe, mfuate alipo, umchukue. "Njoo" ibaki neno la neema. Hata baada ya miezi ya kazi nzuri, mbele ya digidigi anayekimbia, sitaweka dau langu kwa filimbi. Kamba ibaki mkononi. Wako wanaodai bigeli wao huachiwa huru popote. Wengi wa hao wanakaa mahali pasipo na digidigi.

Maneno yawe yaleyale kwa kila mtu. Katika nyumba nyingi za huku bibi anasema Kidawida, watoto wanasema Kiswahili, na mbwa amekuja akiwa amefundishwa Kiingereza. Atazoea lolote, lakini si matatu kwa wakati mmoja. Kaeni mkubaliane, muyaandike mlangoni pa jikoni kama mnapenda. Na watoto wakatazwe kabisa "shika!", hata kwa mchezo. Neno hilo mtaani humaanisha kumrushia mtu mbwa, na jirani atakayelisikia hatasubiri kuona kama mbwa ni mpole.

Haja ndogo na kubwa hazina siri. Mtoe akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza, na kabla ya kulala, mahali palepale, umsubiri, umsifu akimaliza. Akikosea ndani, safisha kwa sabuni na siki ili harufu iondoke, kwa sababu pua itamrudisha penye harufu. Kumsugua uso kwenye mkojo hakumfundishi chochote isipokuwa kujificha akitaka kukojoa.

Jua la hapa linastahili ratiba yake. Weka nyuma ya kiganja juu ya lami au mchanga. Ukishindwa kukiacha hapo kwa sekunde chache, nyayo zake nazo zitaungua. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni bigeli awe kivulini. Maji yake yahesabiwe ndani ya bajeti ya mitungi ya nyumba, jambo ambalo mtu wa mjini hulisahau mpaka wiki ambayo mifereji imekauka.

Chakula kinahitaji ukali, nawe ndiye wa kuwa mkali, maana yeye hana breki. Ugali na matumbo yaliyochemshwa, pamoja na mboga kidogo, humtosha, mara mbili kwa siku, kwa kipimo. Mabaki ya mchuzi ndiyo hatari iliyojificha: kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, nacho kimo katika kila sufuria ya Kenya. Mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha. Dagaa wa mafunzo wapunguzwe kwenye chakula cha jioni. Ukipapasa mbavu na usizisikie, amenenepa, na bigeli mnene huishia kuumwa mgongo na viungo.

Chanjo ya kichaa cha mbwa si hiari. Sheria inaitaka, na Kenya ina mkakati wa kumaliza vifo vya watu kutokana na ugonjwa huu ifikapo mwaka 2030, unaotegemea kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Karibu maambukizi yote ya binadamu, asilimia 99, hutokana na mbwa. Achanjwe akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka, na cheti kiwekwe pamoja na vyeti vya watoto. Mtu yeyote akiumwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Kuna chanjo nyingine ambayo watu huiona ya anasa, ile ya mseto yenye kinga ya distempa. Mwaka 1994 virusi vya distempa ya mbwa viliingia kwa simba wa Serengeti na kuua takriban theluthi moja yao. Anayefuga mbwa kati ya hifadhi mbili za Tsavo anamchanja kwa ajili ya mbwa wake, na pia kwa ajili ya wanyama ambao nchi nzima inawategemea.

Kupe watafutwe kila jioni: ndani ya masikio, ambayo kwa bigeli ni marefu na hufunika mengi, katikati ya vidole, chini ya mkia. Homa, fizi nyeupe au damu puani ni dalili za ugonjwa wa kupe, na hazingoji mwisho wa wiki. Mbung'o nao wapo katika nchi hii ya Tsavo, na mbwa huugua nagana vibaya kuliko ng'ombe; macho yakiingia ukungu wa buluu na mwili ukikonda, mwambie daktari unakaa wapi, hasa kama ni daktari wa mjini ambaye hajazoea kuliwazia gonjwa hilo. Swila anayetema akimpata machoni, mwoshe kwa maji safi mengi bila kukoma, kisha kwa daktari Voi. Bafe akimwuma, mbebe asitembee, usikate jeraha, uondoke mara moja.

Majirani wana haki zao. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani, mate ya mbwa ni najisi nzito, na kilichoguswa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda wameruhusiwa, kwa hiyo jirani hakuchukii wala hamchukii mbwa wako. Anachohofia ni huo ulimi, na bigeli hulamba kila anayemsalimia. Mgeni akibisha hodi, mbwa afungwe kwanza, ndipo useme karibu. Usimpitishe akiwa amelowa karibu na watu wanaokwenda msikitini. Mfundishe kukaa chini kabla ya kusalimiwa. Ni adabu ambayo hata asiye Mwislamu, mwenye suruali ya kazini iliyopigwa pasi, ataishukuru. Na watoto wa mtaa, waliozoea kurusha mawe kwa mbwa wowote, waite mmoja mmoja, uwape dagaa wamrushie. Mtoto aliyemlisha mbwa hampigi jiwe.

Kabla hajapotea, mpeleke akajulikane. Mtembeze kwa kamba hadi kwenye stendi ya boda boda, kwenye posho mill, kwa mzee wa kijiji, kwa askari wa ranchi. Waambie huyu si mbwa wa kuwinda, ana mkanda mwekundu shingoni wenye nambari ya simu, na akionekana peke yake amepotea. Mazungumzo hayo ni mepesi mchana ukiwa na mbwa mkononi. Ni magumu usiku ukiwa na tochi ndani ya ranchi ya watu.

Maana siku moja atakwenda. Lango litaachwa wazi, au mvua italainisha udongo chini ya waya. Usimkimbilie porini. Wapigie wale uliowajulisha, kisha urudi mahali alipoonekana mwisho, utandike nguo uliyoivaa au tandiko lake, na bakuli la maji. Wawindaji wa zamani waliacha koti lao chini hivyohivyo, kwa kuwa mbwa wa harufu akichoka hurudi kwa njia yake mwenyewe, hatua kwa hatua, mpaka alipoanzia. Mara nyingi utamkuta amelala juu ya nguo asubuhi. Mpe maji kidogo kidogo. Mpe dagaa, hata kama umekesha na una hasira, kwa sababu alichofanya mwisho ni kurudi, na hicho ndicho utakachokuwa umekilipa. Mkague kupe, mtoe miiba, tazama nyayo. Kisha zunguka ua, utafute shimo alilotokea, ulijaze mawe kabla ya jua kutua.